Nani Mwenye Mui? Somo la Kujitawala, kutoka Yumbe hadi Kaunti



Muhula uliopita chama chetu kilifanya mdahalo, hoja ikiwa "Ugatuzi umeifaa Lamu kuliko jambo lolote tangu Uhuru". Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono, na sijisifu, lakini nilinena siku hiyo! Nilitaja vifungu vya Katiba, nikapiga meza, na kura zilipohesabiwa tukashinda. Ndipo mwalimu mlezi akasimama na kuniuliza swali dogo: "Kwa Kiamu cha zamani, gavana angeitwa nani?" Nikajibu upesi, "Mwenye mui." Watu wakapiga makofi. Akaendelea: "Na huyo mwenye mui wa zamani, alichaguliwa na nani?" Hapo nilikauka kama ng'onda. Makala haya ndiyo jibu langu. Limechelewa, lakini lipo.

Tuanze na maneno, kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili. Kila tarehe 1 Juni twaadhimisha Sikukuu ya Madaraka. Wengi wetu twadhani ni Uhuru mdogo, au siku ya kupumzika tu. La. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipewa kujitawala kwa mambo ya ndani, na Uhuru wenyewe ukafuata tarehe 12 Desemba mwaka huo. Kwa hivyo madaraka ni uwezo wa kuamua mambo ya nyumbani kwako. Sasa tazama neno ugatuzi. Latokana na kugatua, yaani kuyatoa madaraka makao makuu na kuyapeleka chini kwa watu. Lakini hebu fikiri kidogo: kitu hakigatuliwi mpaka kwanza kiwe kimekusanywa mahali pamoja. Basi madaraka ya Amu yaliyokusanywa yakapelekwa mbali yalikuwa yapi, na yaliondokaje?

Kabla ya Waomani na kabla ya Mwingereza, mui wa Amu ulijitawala. (Mui ni mji, kwa wageni wetu kutoka bara.) Haukuwa na sultani kama Pate. Mambo yake yaliamuliwa na baraza la wazee lililokutana katika nyumba iliyoitwa Yumbe. Huko Pate neno hilohilo lilikuwa jina la jumba la mfalme, na Amu likawa jina la nyumba ya shauri. Anayejua kwamba Kiamu husema moya, mayi na yana, pale Kiswahili sanifu kinaposema moja, maji na jana, atamsikia jumbe ndani ya yumbe bila kufundishwa.

Waungwana wa mui walikuwa na makundi mawili, Zena na Suudi. Walishindana kwa kila jambo, na uongozi ulikwenda kwa zamu kati yao. Aliyeshika zamu aliitwa mwenye mui. Mimi napenda sana mpango huu. Mtu anayejua kwamba kesho atashuka na mpinzani wake apande hafungi milango yote kwa kufuli, maana huenda yeye ndiye atakayebisha hodi.

Kisha vikaja vita vya Shela, yapata mwaka 1812 au 1813. Majeshi ya Pate yakisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa yalishuka Shela ili waiteke Amu. Waamu wakaungana, Zena na Suudi, wakawapiga. Mpaka leo yasimuliwa kwamba maji yalikuwa yamekupwa, majahazi ya adui yakakwama mchangani, na waliokimbilia pwani hawakupata njia ya kutoroka. Ushindi ulioje! Lakini wazee wakaogopa kisasi. Wakatuma watu Maskati kwa Seyyid Said bin Sultan kuomba ulinzi, na yeye akaleta liwali na askari. Ngome tunayopita kila siku tukienda sokoni ilimalizika kujengwa yapata mwaka 1821 kwa msaada wa Waomani haohao. Kuanzia hapo mwenye neno la mwisho akawa liwali.

Yaliyofuata nitayapitia mbio. Mwaka 1895 Mwingereza alitangaza himaya yake, na ukanda wa pwani akautawala kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Liwali hakuondolewa, bali aliwekewa DC juu yake. Ngome ikageuzwa jela, na jela ikabaki hadi mwaka 1984. Katiba ya Uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo, lakini kufikia mwisho wa 1964 majimbo yakawa yamefutwa. Lamu ikawa wilaya katika Mkoa wa Pwani, na mkubwa wake akateuliwa Nairobi. Palikuwa na baraza la madiwani pia, lile wazee waliloliita kaunti kaunsili, ila uzito wote ulikuwa ofisini kwa DC. Yaani tangu liwali wa kwanza mpaka mwaka 2013 ni miaka mia mbili, ukitoa michache.

Hapo ndipo nilipodhani nimelimaliza swali la mwalimu. Nilikuwa nimeandika kwa fahari kwamba tulikuwa na Yumbe yetu, tukanyang'anywa, sasa tumerudishiwa. Jioni moja nikamsomea mzee jirani yetu, mvuvi wa miaka mingi, akiwa barazani kwake anashona nyavu.

"Masalkheri babu."

"Masalkheri mwanangu. Soma nisikie."

Nikasoma. Nilipofika kwenye Yumbe nikamwuliza watu wa Langoni walikuwa Zena au Suudi. Akacheka mpaka sindano ya nyavu ikamponyoka.

"Yumbe ile haikuwa yetu, mwanangu. Sisi twali nde."

Twali nde. Tulikuwa nje. Maneno mawili tu, na kurasa zangu nne zikapwaya. Maana alisema kweli. Yumbe ilikuwa ya waungwana wa nyumba za mawe. Watumwa waliolima mashamba ya bara hawakuwa na kiti humo, wala wanawake, wala maskini wa vibanda vya makuti, wala wale walioletwa na pepo za kusi na kaskazi wakaja kutafuta riziki. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani hii mpaka mwaka 1907. Na mtaa wetu huu umejaa vizazi vya watu wa namna hiyo: Wangazija, Wahadhrami, Wabajuni, na wale ambao babu zao walikuwa watumwa. Hata jina lasema. Langoni ni penye lango. Mtu wa langoni hajaingia bado.

Kwa hiyo, wenzangu, tusiililie Yumbe kama mtoto aliyeporwa mkate. Ilikuwa serikali ya wenyeji, ndiyo, lakini ya wenyeji wachache.

Upya wa kwanza wa Langoni haukutoka katika ofisi yoyote. Aliuleta mwalimu. Habib Swaleh, aliyezaliwa Ngazija na kufariki Amu mwaka 1935, aliwafundisha dini watu ambao wengine hawakujali kuwafundisha, watumwa na watoto wa watumwa wakiwamo. Msikiti wa Riyadha ulijengwa hapa Langoni karibu na mwaka 1900. Wakubwa wa mui walimnung'unikia sana wakati huo. Leo Maulidi ya Amu yanapofika, wageni kutoka kila upande wa pwani huelekea wapi? Hukohuko Langoni. Mtaa uliokuwa nje ukawa ndio ukumbi.

Sasa tuje kwenye kaunti. Katiba mpya ilipigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 na kuanza kazi tarehe 27 mwezi huohuo. Tarehe 4 Machi 2013 tukachagua gavana wa kwanza, Issa Timamy. Mwaka 2017 akafuata Fahim Twaha, na mwaka 2022 Timamy akarudi. (Mwasemaje, si kama zamu za zamani? Tofauti ni kwamba hii zamu hupigiwa kura na kila mtu mzima, awe wa jumba la mawe au wa kibanda.) Lamu ni kaunti nambari 5 kati ya 47. Ina wadi 10, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920.

Katiba yasema kaunti zote pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Aidha ipo hazina ya usawazishaji kwa sehemu zilizoachwa nyuma, na Lamu ilitajwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza za kufaidika. Kazi nazo zimegawanywa. Afya ya zahanati na hospitali za kaunti ni ya kaunti. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini pia. Sekondari zimebaki kwa serikali kuu, kwa hiyo anayetaka kulalamika juu ya maharagwe ya bwenini asiende kwa gavana! Uvuvi ni wa kaunti. Lakini bandari ni ya serikali kuu. Hapa msomaji atulie kidogo, maana samaki na bandari wanakaa katika maji yaleyale.

Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 na Rais Kibaki pamoja na viongozi wa Ethiopia na Sudan Kusini. Bandari ilipangwa kuwa na gati 32 upande wa Kililana, katika ghuba ya Manda. Ili meli kubwa zipite, sakafu ya bahari lazima ichimbwe. Mikoko hukatwa, tope huinuka na kufunika matumbawe, na samaki wa kando ya matumbawe huondoka. Mvuvi mwenye dau na malema hawezi kuwafuata hadi bahari kuu. Chombo chake ni cha maji ya ndani. Hata ujuzi wake ni wa maji ya ndani: ajua mwamba gani una tewa, mkondo upi wapita bamvua likiwa kubwa, mahali gani pa kutulia kusi ikichachamaa. Ukimfungia maji yale, umemnyang'anya shule aliyosoma tangu utotoni.

Mohamed Ali Baadi na wenzake hawakungoja. Walikwenda mahakamani mwaka 2012, na hapa nataka mtazame tarehe: mwaka huo gavana alikuwa bado hajapatikana. Kaunti ilikuwa karatasini tu, ila Katiba ilikuwa tayari inafanya kazi, nayo ilikuwa imewapa wananchi haki ya kushirikishwa, haki ya kupewa habari, haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni wao. Kesi ikachukua miaka sita. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikatoa hukumu. Ikasema wavuvi hawakushirikishwa ipasavyo, haki zao zilivunjwa, na serikali ya kaunti ya Lamu nayo iliwekwa kando katika mipango ya mradi uliokuwa mlangoni kwake. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Nilimsomea mzee sehemu hiyo pia. Hakucheka. Alisema tu kwamba fedha huliwa zikaisha na samaki huzaa. Nami sina la kumjibu, kwa sababu gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021 na wavuvi walikuwa bado wanangoja malipo yao. Hata hivyo nadhani fedha si jambo kubwa zaidi katika hukumu ile. Jambo kubwa ni kwamba mahakama iliandika, kwa wino, kuwa uvuvi wa Lamu ni utamaduni na ni mali, na kwamba mtu wa Langoni, wa Matondoni, wa Pate au wa Faza ni lazima aulizwe kwanza. DC wa zamani hakumwuliza mvuvi. Liwali hakumwuliza. Na tuseme kweli, Yumbe nayo haikumwuliza.

Mwaka uliofuata likatokea jingine. Palikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira likafuta leseni yake, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Watu waliokwenda vijiji kwa vijiji kueleza habari za makaa walikuwa wenyeji wenyewe, na wengi wao hawakuwa na cheo chochote.

Kuna wanaosema Lamu ni ndogo mno, haiwezi kujiendesha. Ulizeni habari za Greenland, kisiwa kikubwa cha barafu kilicho chini ya Denmaki. Wenyeji wake wengi ni Wainuit, wavuvi na wawindaji. Wote pamoja ni kama 56,000, hawafiki hata nusu yetu. Walipata kujitawala kwa mambo ya ndani mwaka 1979. Mwaka 1985 wakajitoa katika Jumuiya ya Ulaya, na mzozo mkubwa ulikuwa ni nani atawale uvuvi wa maji yao. Samaki tena! Mwaka 2009 madaraka yao yakapanuliwa, na lugha yao ikawa ndiyo lugha rasmi ya nchi. Sisemi Lamu ifanye kama Greenland. Sisi ni Wakenya na twataka kubaki Wakenya. Nasema udogo si hoja. Na habari ya lugha yatuhusu sisi wa chama hiki moja kwa moja, kwa sababu mikutano ya umma hapa kwetu mara nyingi huendeshwa juu ya ripoti nene zilizoandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Mzee aliyeshikishwa ripoti kama hiyo ameulizwa, au amehesabiwa tu? Kidato cha tatu wangeweza kabisa kuzifupisha kwa Kiswahili na kuzibandika pale Mkunguni. Nalitoa pendekezo hilo rasmi, katibu aandike.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini neno la mzee halikuniacha. Kama sisi twali nde, leo nani yu nde?

Chukua ramani ya kaunti yetu, utazame kaskazini upande wa msitu. Wadi ya Basuba. Huko ndiko wanakokaa Waboni, wenyewe hujiita Waaweer. Idadi yao ni maelfu machache. Ni watu waliokuwa katika nchi hii kabla ya wengi wetu, wakiishi kwa kuwinda na kurina asali. Wakati wa vita vya Shifta, miaka ya 1960, waliondolewa msituni wakawekwa katika vijiji kando ya barabara. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima, na kazi ya babu zao ikawa kosa la jinai kwa siku moja. Hakuna aliyewauliza. Wavuvi wetu walipata mahakama. Waboni wa 1977 walipata askari wa wanyamapori.

Ugatuzi umewapa nini? Umewapa kitu kimoja: wadi inayobeba jina la kijiji chao, na kiti katika bunge la kaunti. Hilo si dogo. Katika Yumbe wasingekalia hata kizingiti. Lakini kiti ni kiti, na maisha ni maisha. Mashambulizi yalipozidi katika kaunti hii kuanzia 2014, na operesheni ya Linda Boni ikaanzishwa mwaka 2015, shule za msingi za vijiji vyao zilifungwa kwa miaka kadhaa, na zahanati pia zikakwama. Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2014 angekuwa rika letu au ametuzidi kidogo. Sisi tulisoma, tukafanya mtihani, tukaja hapa kujadili ugatuzi na kupiga meza. Zahanati ni kazi ya kaunti, ulinzi ni kazi ya serikali kuu, shule ya msingi ni ya serikali kuu, chekechea ni ya kaunti. Na mama wa Mangai au Milimani aliyebeba mtoto mwenye homa hawezi kugawanya ugonjwa kufuata Katiba.

Nakiri kwamba sisi wa mjini hatuna usafi katika jambo hili. Tukiwa watoto neno "Mboni" lilikuwa tusi la kumwita mwenzako mshamba. Mimi nimelisema. Waungwana wa nyumba za mawe nao walikuwa na maneno yao ya kuwaita watu wa Langoni, na mzee jirani yetu anayakumbuka mpaka leo, ingawa alikataa kunitajia hata moja. "Yaatie," alisema, yaani yaache, akainamia nyavu zake.

Basi mwalimu, jibu la swali lako ni hili. Mwenye mui wa zamani alichaguliwa na wale waliokuwa ndani ya Yumbe, kwa zamu, na walio nje hawakuulizwa. Mwenye mui wa sasa huchaguliwa na wote, na anaweza kushtakiwa na yeyote.

Hoja ya mdahalo wa muhula ujao nimeshamkabidhi mwenyekiti: "Mui wa Amu sasa hauna aliye nde." Tumekubaliana kualika wanafunzi wa kutoka Lamu Mashariki, wa Basuba wakiwamo kama usafiri utapatikana. Mara hii nimeomba upande wa kupinga.